Kikombe Juu ya Injini

Fundi wa mtaani kwetu, hapa mjini Niš, hapimi gari kwa kompyuta, na asiyetaka aende kwingine. Huwasha injini, akaweka juu yake kikombe cha kahawa kilichojaa pomoni, akatulia akitafuna njiti ya kiberiti, akitazama kama itamwagika. Juzi, kwenye gari kuukuu la jirani yangu Desanka, kahawa yote ilimwagika.

"Mwanangu ananiambia nilitupe," Desanka akanong'ona.

"Litupwe kwa lipi? Zilizokufa ni raba za kushikilia injini, mama, si gari!"

Akainyanyua injini kwa jeki na kipande cha ubao, akang'oa raba zilizopasuka, akafunga mpya. Akajaza kikombe upya, akakirudisha juu ya injini. Injini ikanguruma, kahawa haikumwagika hata tone. Akamkabidhi Desanka kikombe.

"Kunywa, mama. Na mwanao akija, mwandalie yake hapohapo juu ya injini."