Papai Walilolipita Kuku

Asubuhi ile niliondoka Kinampanda bila kujua ninakokwenda. Nilitupa begi begani, nikaziacha chupa zangu mbili za nzi nyuma ya jiko la dada, nikashika njia ya barabara kuu. Sikuaga mtu.

Nilikuwa nimekaa kwa dada miezi minne, muda mrefu kwa mtu asiyetulia kama mimi. Dada ana miaka kumi na moja kwenye ndoa, hana mtoto. Kila asubuhi mama mkwe wake humletea bakuli la uji wa uwele, ndani yake unga wa mzizi wa kuleta uzazi. Nyumba ile uji wa mkwe haukataliwi. Ukiuacha, umemkataa yeye na ukoo mzima.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini siwezi kuona kitu nisikichokonoe. Nilisikia redioni kwamba wataalamu huwalisha nzi wadogo wa matunda dawa za mimea, waone zinavyogusa uzazi na uzee, maana nzi hao huzaliwa na kuzeeka upesi. Nikaomba kijiko cha unga ule. Nikaponda papai, nikaligawa kwenye chupa mbili, moja nikaitia unga. Nikaingiza nzi, nikafunga midomo ya chupa kwa vipande vya chandarua. Kila baada ya siku chache niliwahamishia kwenye papai jipya, la zamani nikawatupia kuku.

Nzi waliokula papai tupu wakaanza kufa. Wa unga waliendelea kuruka. Nikamkimbilia dada.

"Dada, mzizi huu unaongeza maisha! Usiache hata tone."

Akacheka. "Niishi sana nifanye nini, mdogo wangu? Nikulee wewe?"

Lakini kuanzia siku ile alimwomba mama mkwe aongeze kipimo.

Siku chache baadaye niliwaona kuku wakigombania papai la chupa moja na kulipita la pili. Nikachuchumaa. La kwanza, la papai tupu, lilikuwa linachemka funza, watoto wa nzi. Lile la unga halikuwa na hata mmoja. Muda wote ule, mimi mtoto wa wafugaji, nilikuwa nahesabu walio hai bila kuuliza ndama wako wapi.

Nikarudia na nzi wengine. Ikawa vilevile.

Nilimwambia dada jioni, akipepeta uwele, kwamba nzi wa unga hawazai.

"Kwa hiyo mimi ni nzi?"

"Hapana, dada. Huenda kwa mtu haiko hivyo, na mimi si mtaalamu. Lakini pumzika kwanza na unga huo, nenda hospitali wakupime."

"Na kesho bakuli likija nimwambie mama nini? Kwamba mdogo wangu kapata habari kwa kuku?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Uwele ulikuwa umekwisha kwenye ungo, naye akaendelea kupepeta. Kesho yake, kabla bakuli halijaja, nikaondoka. Sikuweza kukaa nimwangalie akinywa.

Lori la alizeti lilinifikisha Singida mjini, jingine Itigi, nikalala huko. Siku ya pili gari la wafuga nyuki likanishusha Rungwa, mchana, vumbi hadi kwenye kope. Mama mmoja mjane alikuwa na chumba cha uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata asali au umemkimbia mke?"

"Sina mke, mama."

"Basi umekimbia kitu kingine. Ingia, mlango unasukumwa kwa bega."

Nikampigia dada.

"Umekunywa?" nikamuuliza.

"Nimekunywa. Jana na leo."

"Dada..."

"Sikiliza. Nikiacha, watasema nimekata tamaa, na mume wangu atatafutiwa mwingine. Nikinywa, bado wanasubiri pamoja nami. Chupa zako nimezivunja. Usinipigie kuhusu hilo tena. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Mama mwenye nyumba akauliza kutoka uani nitakaa siku ngapi. Nikamjibu sijui, nikaketi kwenye kitanda cha kamba, viatu bado miguuni.