Maneno ya Kuivisha

Mwezi uliopita nilikuwa Sumbawanga mjini kwenye mazishi ya padre mmoja mzee, na wanakwaya wa rika lake wakaimba litania ya Bikira Maria kwa Kilatini. Sijui Kilatini. Lakini walipofika kwenye kiitikio chao, ora pro nobis, pua yangu ilijaa harufu ya ulezi unaotokota, nikakaa kitako watu wote wakiwa wamesimama. Mama mmoja jirani yangu akanipa leso akidhani namlilia padre. Nilikuwa namlilia bibi yangu, tena nimechelewa mno.

Bibi Skola alimzaa baba yangu, na tuliishi naye uwanja mmoja kule Pito. Alilelewa na masista wa misheni, wakamwachia mambo mawili: kushona viraka na hiyo litania. Saa hakuwa nayo. Akipika pombe alikoroga uji wa ulezi kwa mwiko mrefu huku akiinong'ona litania kwa Kilatini chake cha jikoni, na akifika mwisho uji unakuwa umeiva. Haukuungua hata siku moja. Mimi na Oresta, binti wa baba mdogo, tulimuuliza anasema nini. Alicheka mpaka pengo lake likaonekana.

"Haya ni maneno ya kuivisha, wajukuu zangu. Bila haya chungu kinagoma."

Tulimwamini. Bibi akikuambia jambo huku anakupa ukoko wa ugali, unabisha nini?

Tulipokuwa darasa la sita, mwalimu mmoja mgeni alitufanyisha igizo kutoka kwenye tanzia ya kale ya Ulaya. Jemadari anakutana na wachawi watatu nyikani, wanamwambia atakuwa mfalme, naye anamwua mfalme wake usingizini, na kuanzia hapo ni damu juu ya damu mpaka naye anauawa. Mwalimu alitania kwamba wachawi hahitaji kuwafundisha, si yuko Sumbawanga? Utani huo tumeuzoea. Popote nchini ukitaja kwenu, watu wanakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo, na hakuna anayejua kwamba kwa Kifipa jina lenyewe ni amri: tupa uchawi.

Mimi nilipewa nafasi ya mlinzi wa mfalme, kazi yangu kukoroma. Oresta akawa mchawi mkuu. Mwalimu alitaka maneno yasiyoeleweka ya kusemwa kuzunguka chungu, na Oresta alikuwa nayo tayari. Siku ya wazazi aliyatoa kwa sauti nzito, wenzake wawili wakaitikia, orapronobi, orapronobi, hadi nywele zikanisimama na usingizi wangu wa kuigiza ukaharibika. Mama mdogo, mama yake Oresta, alimfunika uso mtoto wake mchanga kwa kanga. Bibi hakuwepo. Alibaki nyumbani anapika pombe ya kuwakaribisha wageni.

Wiki chache baadaye yule mtoto, Piusi, alishikwa na homa. Baba mdogo alitoka kutafuta baiskeli ya kumpeleka zahanati. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi yetu ya Ufipa mnaijua, basi Bibi alimpakata mtoto karibu na mafiga, akawa anamtikisa polepole. Mimi na Oresta tulikuwa tunapukuchua mahindi mlangoni. Nilimwona Bibi akifumba macho, midomo ikaanza kucheza. Mama mdogo aliingia na kuni, akasikia, akaziachia zote zikaanguka.

"Maneno ya wachawi! Mama, unamsomea mwanangu maneno ya wachawi!"

"Ni litania, mkwe wangu," Bibi alisema.

"Litania tunasali kwa Kiswahili kila Oktoba! Hiyo yako ya wapi?"

Hapo Oresta akasimama kumtetea. Ninamwona mpaka leo, punje za mahindi zikimdondoka kwenye sketi. "Siyo ya wachawi, Mama! Ni ya Bibi! Sisi ndio tulioyachukua kwake. Ni maneno yake ya kuivisha!"

Mama mdogo alimpokonya mtoto. Piusi alifariki kabla baiskeli haijafika.

Baada ya maziko ukoo ulikaa. Bibi aliulizwa kama kweli aliwaambia watoto kuwa ni maneno ya kuivisha, akasema kweli, ila alikuwa anatania. Hakuna aliyecheka. Baba mdogo, kitinda mimba wake, alisema mama yake aondoke, na baba yangu aliangalia chini. Walimpandisha kwenye lori la mahindi lililokuwa linateremka bondeni, akakae kwa dada yake kijijini Kaoze. Alikuwa amevaa sweta lake la viraka, anakwenda kwenye joto la bondeni. Ulezi wa msimu ule haujavunwa, tukaletewa habari kwamba amekufa. Hatukwenda kuzika.

Mwalimu alishatuambia, nasi tulikuwa tunachekeana tu, kwamba wachawi wa tanzia ile hawakushika kisu. Walisema maneno, na aliyeyasikia ndiye aliyeua. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba igizo la uwanjani kwetu halikuwa hata na mchawi mmoja, na bado lilifika mwisho uleule. Walioitii ile amri ya jina la mji wetu walimtupa mama yao.

Baba mdogo alishakufa akiamini alichoamini. Mama mdogo yupo, mzee, na akipita karibu na chungu cha mtu bado anafanya ishara ya msalaba. Oresta tangu siku ile hataji jina la Bibi, na mimi sina ujasiri wa kumpelekea nilichokisikia kanisani.

Maana yule mama wa leso nilimuuliza wanaimba nini. Akaniinamia sikioni.

"Utuombee," alisema. "Ni ileile litania yetu. Utuombee."

Bibi hakusema uniombee, wala umwombee mtoto huyu. Utuombee. Hata mama mdogo aliyesimama mlangoni na kuni zake alikuwa ndani ya sala ile.