Funda la Maji

Chupa yangu ya shule ilikuwa ya mawese kabla haijawa ya maji. Mama aliitia mchanga na sabuni, akaitikisa mpaka mkono ukamuuma, akaianika juani siku mbili, kisha akaijaza maji aliyoyachemsha kwa kuni. Bado kila nilipofungua kifuniko nilipokelewa na harufu ileile ya mafuta mekundu, na maji yenyewe yalikuwa na ladha ya mawese na moshi kwa pamoja. Leo nina friji na maji ya kununua, lakini nikipita sokoni Ujiji pale wanapopima mawese, roho inanichafuka. Watu hudhani siyapendi. Mimi Muha, mzaliwa wa Rusimbi, nisipende mawese? Ninachokichukia ni muhula mmoja wa darasa la nne, na ndani ya muhula huo, asubuhi moja.

Tulikuwa zaidi ya watoto mia katika chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, na kwa hali hiyo ugomvi haukuhitaji sababu kubwa. Tuligombania kalamu, tuligombania dirisha, na zilipoisha sababu tuligombana kwa kuwa jana tuligombana. Walimu wote walitutuliza kwa fimbo, mpaka alipoletwa Mwalimu Ndeshi kutoka Kilimanjaro, binti mwembamba aliyekuwa akisema “naomba” hata kwa mtoto, jambo lililotuchekesha wiki nzima. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimepita mjini, maji ya ziwa yalipigwa marufuku shuleni, na kila mtoto alitakiwa kuja na chupa ya maji yaliyochemshwa. Mwalimu Ndeshi akaona hapohapo ndipo pa kuanzia kututuliza bila fimbo. Aliandika ubaoni maneno manne, hasira, aibu, wivu na woga, akasema ukiweza kulitaja lile linalokusumbua, tayari limepungua nguvu. Kisha akatufundisha la kufanya likikupanda: piga funda la maji, usimeze wala usiteme, hesabu moyoni mpaka thelathini, meza, halafu ndipo useme. Siku za mwanzo tulicheka mpaka maji yakatutokea puani, na yeye akacheka pamoja nasi.

Kusema kweli somo lile lilikuwa la mtu mmoja, sisi wengine tulikuwa wasindikizaji. Mtu huyo alikuwa Faida, jirani yangu wa dawati. Bibi yake aliyemlea alivuka ziwa kutoka Kongo zamani sana, na ingawa Faida mwenyewe alizaliwa Ujiji kama wengi wetu, watoto walimwita mkimbizi na kumwambia arudi kwao. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alishamng'oa jino mvulana wa darasa la sita, na mwalimu mkuu alishatangaza mstarini, mbele ya shule nzima, kwamba kosa moja tu tena na Faida hana shule. Alikuwa amekalia kuti kavu, na Mwalimu Ndeshi ndiye aliyemwombea nafasi ya mwisho. Basi Faida akajifunza kuliko sisi sote. Wavulana walimzunguka uwanjani wakiimba upuuzi wao, naye akasimama katikati mashavu yametuna, macho mekundu, vidole vikihesabu kwenye sketi. Walichoka wao. Muhula ukafika katikati bila yeye kumgusa mtu, na mimi nikajivunia kukaa naye kana kwamba kazi ile nilikuwa nimeifanya mimi.

Asubuhi ninayoisema, Mwalimu Ndeshi alikuwa ameitwa semina mjini. Nilikuja na chupa tupu, kwa sababu nilikuwa nimekunywa njiani, nikaona nijaze kwenye ndoo ya maji ya kunywa yaliyotiwa dawa, iliyokaa juu ya meza yake. Faida alikuwa na zamu ya kufagia, tulikuwa wawili tu darasani. Niliinamisha ndoo kwa mkono mmoja, chupa ikijaa, ndoo ikaniponyoka, na maji yakalifunika daftari la mahudhurio lote. Majina yetu yakaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, wino wa bluu ukitiririka mpaka sakafuni. Nililia. Faida hakunicheka wala hakunilaumu. Aliweka ufagio chini, akalikamata lile daftari kwa mikono miwili na kusema, “Acha kulia, Zuhura, tutalianika dirishani, litakauka.” Alikuwa hajafika dirishani mwalimu mkuu alipoingia, na nyuma yake watoto wakisukumana kuja kuona.

“Nani kafanya hivi?” aliuliza, ingawa macho yake yalishamjibu. Faida alinitazama. Nadhani alikuwa akinipa nafasi niseme mwenyewe, maana kunitaja hakutaka. Niliponyamaza, niliona hasira ikimpanda, na sijui kama ilikuwa juu yangu au juu ya mwalimu mkuu. Akachukua chupa yake, akapiga funda, akafunga mdomo kama alivyofundishwa. “Nakuuliza wewe. Ni wewe?” Vidole vyake vilihesabu kwenye sketi. Kwetu mtoto anayeulizwa na mkubwa halafu asijibu, hilo halina jina jingine ila kiburi, na mwalimu mkuu hakuwa amewahi kusikia habari za kuhesabu mpaka thelathini. Akatugeukia sisi wengine. “Nani ameona?” Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye chupa. Nilijaza mdomo maji yale ya dawa yaliyonuka mawese, nikaanza kuhesabu polepole, mtoto mtiifu anayefuata somo. Nilifika kumi na tisa. Hapo mwalimu mkuu alimpiga Faida kofi la mgongoni ili afumbue mdomo, na maji yakamruka, yakatua kwenye shati jeupe la mwalimu mkuu, kifuani. Kuna watoto waliocheka.

Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena habari za daftari. Habari ilikuwa mate. Bibi yake alikuja kesho yake, akapiga magoti ofisini, akamwomba radhi mwalimu mkuu kwa aibu aliyoletewa, na haikusaidia kitu, Faida alifukuzwa. Mwalimu Ndeshi aliporudi alieleza yale mambo ya funda mpaka sauti ikamkauka, akajibiwa kwamba hayo ndiyo matunda ya kudekeza watoto. Kisha akaniita pembeni, kwa kuwa nilikuwa sili wala sichezi. Alichuchumaa mbele yangu na kuniuliza najisikiaje, niitaje hisia hiyo kwa jina. Nikamwambia, “Huzuni, mwalimu.” Akanisifu kwa kuweza kuitaja. Neno la kweli lilikuwa woga, nalo lilikuwa palepale ubaoni, la nne. Wiki ile Faida alipelekwa kijiji cha Mwamgongo, mbali ufukweni mwa ziwa, kwa mama yake mdogo, na mwisho wa mwaka Mwalimu Ndeshi akahamishwa.

Sasa mwalimu ni mimi. Somo la kutuliza hisia limo kwenye mafunzo siku hizi, tunapewa semina na chai, na darasa langu husifiwa kwa utulivu. Mwaka jana nilipangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba Mwamgongo. Nilipanda boti kwenye mwalo wa Kibirizi, na siku ya kurudi nilitembea ufukweni asubuhi kusubiri chombo. Wanawake walikuwa wakianika dagaa. Nikawasalimu kwa kilugha chetu, “Mwakeye,” na mmoja akainua kichwa, akanikazia macho. “Si wewe Zuhura wa Rusimbi?” Alikuwa Faida. Alifurahi kuniona, na furaha yake ilinichoma. Akawaambia wenzake, “Huyu nilisoma naye, sasa ni mwalimu. Mimi nilimtemea mwalimu mkuu mate, basi ndiyo ikawa mwisho wangu. Hasira zimeniharibia maisha.” Nikasema, “Na lile daftari, je?” Akauliza, “Daftari gani?” Hakuwa ananitega. Alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa kosa ambalo hakulifanya, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amelikubali. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Nikamjibu, “Basi tu, utoto.”

Akamwita binti yake, mtoto wa darasa la nne mwenye macho yake yaleyale. “Na huyu mkono mwepesi, jana kapigana. Nifundishie, mwalimu, asije akawa kama mimi.” Akamletea kikombe cha maji. Nikainama, nikamfundisha yote: piga funda, usimeze, usiteme, hesabu mpaka thelathini. Mashavu yakatuna, vidole vikaanza kuhesabu kwenye gauni, mama yake akitazama kwa tumaini. Alipomaliza akameza, akaniuliza, “Halafu, mwalimu?” Lililobaki lilikuwa kusema. Nikamwambia basi, imetosha, amefanya vizuri. Nikashuka kwenda kwenye boti.