Mwanga Wenye Shimo Katikati

Nilipokuwa kibarua wa vitunguu Mang'ola, kiatu changu kimoja kilichukuliwa na mfereji. Kikafika mahali maji yanapojisokota, kikawa kinazunguka tu, na katikati ya maji pale palikuwa na shimo tupu. Nilikiangalia mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeyaposa hayo maji. Mdomo wake ule, mke wake mwenyewe aliukimbia, ila hayo si ya leo.

Kiatu kile nilikisahau miaka mingi, mpaka mwanangu wa mwisho, anayesomea mwanga chuo kikuu, alipokuja hapa kwangu Mbulumbulu na masanduku mawili. Mimi niliishia darasa la tatu, akanichorea chini kwa kijiti. Kuna mwanga, alisema, unaokwenda huku unajisokota kama nyuzi za skrubu, na ukitua kwenye karatasi unaonekana pete, katikati giza. Hata punje moja ya mwanga, ile isiyogawanyika, ina msokoto wake, na msokoto huo unaweza kubeba ujumbe. Nikamwambia huo naujua, ulikula kiatu changu Mang'ola. Alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka nami.

Alitaka kujua kama msokoto unafika salama ukipita hewani juu ya mashamba. Akaweka leza yake, taa ya mwanga mwembamba, zizini, na ng'ambo ya korongo akasimika kioo cha kuurudisha mwanga mpaka kwenye karatasi pale pale zizini. Vifaa alikuwa ameazima kwa siku nne. Asipopeleka picha za pete, chuo kilishamwambia masomo yake yanaishia hapo. Na wakati wa kufaa ni alfajiri tu, kabla ardhi haijapata joto, maana hewa ya moto huuvuruga msokoto.

Siku tatu majirani walichoma mabua tangu alfajiri, moto wao ukaivuruga hewa, na pete haikuonekana. Mvua iko karibu, utamkataza nani? Jioni ya tatu nikapita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Mzee mwenzangu mmoja akaniuliza tangu lini mwanga ukapata kikohozi. Lakini walikubali.

Alfajiri ya nne pete ikatokea kwenye karatasi, nyekundu, imetulia, na shimo lake. Mwanangu akaanza kutega kamera, mikono inamtetemeka kwa baridi. Nikamwonea huruma, nikawasha moto wa chai. Mafiga yapo mbele ya zizi miaka yote. Sikuwaza kwamba mwanga unapita juu yake.

Pete ikararuka.

"Baba, zima moto."

Nikamwaga ndoo nzima ya maji. Mvuke na majivu vikapanda, vikafunika kila kitu. Tukasimama kungoja, yeye anaangalia karatasi, mimi naangalia ndoo. Vilipotawanyika jua lilikuwa limeshatoka, na kwenye karatasi kulikuwa na madoa mekundu yanayochezacheza.

Nikamwambia tujaribu kesho.

"Kesho vifaa si vyangu, Baba."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningejua la kufanya. Akafunga masanduku yake, moja kila mkono, akashuka njia ya kwenda barabarani, na mpaka leo hajarudi.