Njia ya Miguu Isiyotosha Wawili

Mwuguzi ameniomba niwaeleze ninyi mliolala humu jinsi nilivyopona. Nitasema, lakini sitawadanganya. Kidonda kimepona. Mguu haukupona, maana mguu wenyewe haupo.

Zamani nilikuwa mzima kupita kiasi. Kwangu ni Mahongole, na kila asubuhi nilitembea hadi Makambako kufanya kibarua cha barabara. Serikali ilikuwa inatengeneza barabara ile inayopita madukani. Malori yalikuwa yameongezeka, baiskeli nazo zimeongezeka, na sisi wa miguu tulipita humo humo katikati. Mzungu wa barabara akatugawia sehemu: katikati magari, kando yake baiskeli, na ukingoni, nyuma ya mawe tuliyoyapaka chokaa, njia ya waendao kwa miguu. Upande wa pili wa njia hiyo tulichimba mtaro wa kina cha kiuno.

Siku ya kupima, mzungu alimsimamisha kibarua mmoja mwenye gunia la mahindi kichwani, akasema upana huo unatosha. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya kamba, na nilijua hautoshi. Kwetu mtu habanani mabega na mkwe wake. Unatoka njiani kabisa, unageuza uso, unamwacha apite. Nyapara wetu ni Mbena mwenzangu, naye alijua. Akaninong'oneza, "Nyamaza, tumalize kabla ya mvua." Nikanyamaza. Hilo linaniuma kuliko mguu.

Tulimaliza, na mvua ikaja. Asubuhi moja yenye ukungu nilikuwa napita kwenye njia ile, nikijivunia mawe yangu, nikamwona mama mkwe anakuja na kikapu cha viazi. Mtaro ulikuwa umejaa maji. Nikaruka mawe, nikasimama barabarani na kumpa kisogo. Nikasikia nyayo zake zikipita, kisha nikasikia breki. Lilikuwa lori la watu waliokuwa wakipelekwa kwenye mashamba ya mkonge.

Mfupa wa muundi ulitoka nje ya ngozi. Niliutazama, na bado sikusikia maumivu. Maumivu yalikuja waliponipakia kwenye lori lile lile kunileta hapa Njombe. Wale watu wa mkonge walipokezana kuushika mguu wangu njia nzima, na kila shimo la barabara nililijua kwa jina.

Daktari aliunyoosha mguu akaufunga kwa mbao. Siku chache baadaye ulivimba, ngozi ikawa nyeusi, usaha ukanuka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Sikumlaumu. Mke wangu Eliza alinipangusa huku amejifunga kitambaa puani.

"Mguu umeshakufa," daktari alisema. "Nisipoukata leo, utakufa nao."

Nikamwambia Eliza, "Acha nife nao. Mtu wa mguu mmoja atalima nini?"

"Nitalima mimi," alisema. "Wewe utakaa umenye viazi."

Waliukata juu ya goti. Nilipozinduka, vidole nisivyokuwa navyo vilikuwa vinaniwasha. Nililala nimegeukia ukuta, sitaki chakula, sitaki kuombewa. Ndipo mama mkwe alipofika kutoka Makambako. Hakuweza kuingia wodini nilimolala, kwa hiyo alikaa nje chini ya dirisha, siku mbili, kwenye baridi ile. Alimtuma Eliza: "Mwambie nami sili mpaka ale." Nikala kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonirudishia nguvu.

Nilipoweza kutembea kwa magongo nilikwenda bomani. Nikamwomba karani awaambie wakubwa waongeze hatua mbili tu upande wa mtaro.

"Mzee, barabara ile imeshakaguliwa," alisema. "Imesifiwa sana."

"Nani aliikagua?"

"Waliipita kwa gari."

Nimekwenda tena mara tatu. Sasa akiniona huniletea kiti, na jibu ni lile lile.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nawashukuru wale watu wa mkonge ambao hata majina yao sikuyauliza. Daktari akiwaambia mguu ukatwe, msikawie kama mimi. Na mkiona kosa wakati kamba ingali mikononi mwenu, semeni, hata kama mvua inakuja. Nina hakika baadhi yenu mtanyamaza, maana kazi ni kazi.

Juzi nilikutana na mama mkwe kwenye njia ile. Kwa magongo siwezi kuruka mawe wala mtaro. Nikasimama, sijui la kufanya. Akatua kikapu chake, akavuka mawe, akashuka barabarani na kunipa kisogo ili nipite. Nikajikokota kumpita, magongo yakiteleza kwenye tope, huku nasikiliza kama kuna lori linakuja.