Wenye Kumtaka Mume na Wenye Kumchoka

Jumanne nilikwenda ofisi ya usharika wetu, Kimara, kufuata cheti cha ubatizo cha binti yangu. Nikamkuta mtaalamu wa kompyuta akimwonyesha mama katibu programu ya kupanga maombi ambayo waumini hutuma kwa simu, ili Jumapili mchungaji aombee fungu kwa fungu.

"Mama, mashine inaanza kwa kubahatisha. Inatengeneza mipangilio mingi. Mibovu inakufa, mizuri inaoana na kuzaa mingine, kizazi hadi kizazi, mpaka upatikane ulio bora."

"Inaoana bila mahari?" mama akauliza, akimtazama juu ya miwani.

Jamaa akacheka, akabonyeza. Yakatokea mafungu: magonjwa, ajira, mitihani, waume. Hilo la mwisho mama alilisoma, kisha akashika kiuno.

"Humu kuna wanaoomba wapate mume, na wanaoomba waepushwe na mume! Sasa mchungaji aombeje?"

Mtaalamu akajikuna kisogo. "Mashine inaangalia maneno yanayofanana, mama. Wote wanataja mume, wote wanataja machozi, wote wanasema wamechoka. Ngoja niirudishe mwanzo, mipangilio izaliane tena."

"Iache hivyo hivyo, baba. Haijakosea. Hawa wanaotafuta wakae na hao waliopata, waulizane habari."

Mie nilichukua cheti nikatoka upesi. Mama watoto naye anatumaga maombi yake kwa simu, na mama katibu alikuwa ameanza kunitazama kwa huruma.