Vijiti Vilivyowaka Kwenye Mihogo

Nilipokuwa mtoto, kwetu Tarime mtu hakuweza kuchimba hata shimo la choo bila majirani kuja kuchungulia. Ulikuwa wakati wa rashi ya dhahabu. Watu wazima na akili zao waliacha mahindi yakakaukia shambani, wakaenda kupiga sururu kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo. Siku hizi naambiwa nisiseme hivyo, eti dhahabu ilijenga nyumba za bati. Ilijenga, sikatai. Sisi haikutujengea, na nusura itubomolee.

Mama yangu alikuwa Mjaluo wa ng'ambo ya mpaka, ameolewa kwa Wakurya. Baba alipofariki, ndugu zake walitegemea mama angefungasha arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mimi, na bibi mzaa baba, na shamba la mihogo lililotulisha. Asubuhi aliteremka Mto Mara kuvua kambare kwa ndoana. Baba mkubwa Marwa, kaka yake baba, hakuchoka kusema kwamba mwanamke wa kuja hawezi kukalia ardhi ya ukoo. Alichokosa ni sababu tu.

Sababu ikaja ndani ya pakiti ya ndoana. Mama mdogo alituletea kutoka Sirari, na mama alipoifungua, pamoja na ndoana vikadondoka vijiti viwili vya plastiki, vyembamba kama njiti za kiberiti, vimejaa maji ya njano. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na kichupa chembamba zaidi. Sisi tulizoea mshipi, ndoana na risasi ya kuzamishia. Hivi hatukuvijua.

"Hii ni ya nini sasa?" mama akajiuliza. "Hata sijaagiza. Wameongezea tu."

Bibi alikuwa anamenya muhogo. Aliposikia neno kuongezewa, akaweka kisu chini.

"Mwenye duka kazi yake ni kukupunja," alisema. "Huyu anayekuongezea bila kuombwa anatafuta nini kwako? Hicho kitu kina mtu kinamtafuta. Kizike leo hii, Mama Bhoke, kabla hakijamjua mtu wa nyumba hii."

Ndivyo walivyofanya wazee wa upande wake. Kitu kilichokuja bila kuombwa hakichomwi wala hakitupwi, maana kitarudi. Kinazikwa, kisahau njia. Mama hakuamini, ila alimheshimu mkwe wake. Hata hivyo alikuwa na kichwa kigumu, na mimi kichwa changu nimekitoa kwake. Alizika kimoja kwenye mihogo, akashindilia udongo kwa mgongo wa jembe. Cha pili akakificha kwenye kopo la chumvi.

"Kimoja cha bibi yako," aliniambia. "Kimoja changu."

Asichojua ni kwamba lile jembe lilivunja kile kichupa cha ndani, maji yakachanganyika yakaanza kuwaka, na kwamba kuku wetu hawakuweza kuona udongo mpya wakauacha. Walifukua kabla ya kuingia bandani. Giza lilipoanza kushika, baba mkubwa akawa anapita kutoka machimboni, na katikati ya mihogo ya marehemu mdogo wake akaona moto wa kijani umelala chini, hautoi moshi.

Kila mchimbaji aliujua moto huo kwa kusimuliwa. Dhahabu ikikomaa, walisema, hujionyesha jioni. Ukiusogelea unahama. Kwa hiyo unatupa kitu chako pale moto ulipo, unaondoka bila kugeuka, unarudi kukipambazuka. Baba mkubwa akarusha kofia yake akaenda zake. Laiti angepiga hatua chache zaidi angeona kijiti cha plastiki, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Asubuhi alikuja na vijana wenye sururu na makoleo. Hakubisha hodi. Nilimwamkia shikamoo, akanipita.

"Shemeji, shamba hili limejionyesha," alisema. "Leo tunafungua duara. Wewe jiandae, tutakusafirisha mpaka kwenu vizuri."

Nilielewa. Wakichimba, mihogo inakwisha, na mihogo ikiisha mama anaondoka, na mimi kama mtoto wa ukoo nabaki kwa baba mkubwa. Nilimshika mama gauni.

Mama akaenda mpaka kwenye kofia, akainyanyua. Chini yake kulikuwa na kile kijiti, kimepinda, kimefifia. Akakitazama sana. Kisha akaenda kuchukua kile cha kwenye kopo, akatuita wote jikoni, akafunga mlango. Akakikunja mpaka kikalia. Jiko lote likawa kijani. Vijana wakacheka, mmoja akasema, "Mzee Marwa, mura, huu ndio mwamba wako wa dhahabu?"

Ningekuwa mimi ningeona aibu. Baba mkubwa hakuona. Tulipotoka nje alisema ni dhahabu ya shamba iliyoingia kwenye hicho kitu kikawaka.

"Hiki hakikuzikwa," mama akamjibu.

"Kimelala nyumba moja na kilichozikwa." Akawageukia vijana. "Chimbeni."

Ukibishana na mtu wa aina hiyo unapoteza mate yako bure. Mama aliketi katikati ya mihogo, akanyoosha miguu. Vijana wakatazamana.

Hapo ndipo bibi aliponyanyuka. Alimnyang'anya mama vile vijiti, akachukua kipande cha mshipi, akavifunga kwenye mti wa kuingilia shambani, polepole, kwa vidole vitupu.

"Hivi vina mtu vinamtafuta," alisema. "Nilivizibia njia, ninyi mmevifungulia. Mtu wa kwanza kupita hapa na sururu, ndiye. Marwa, ziwa ulilonyonya ni langu. Pita, mwanangu."

Baba mkubwa alisimama mpaka jua likatuchoma. Wale vijana ndio walioanza kuondoka. Yeye akafuata, na kofia yake hakuiomba.

Baadaye mama alimuuliza bibi, "Mama, kweli unaviamini vile vitu?"

"Naviamini," bibi alisema. "Nipe maji ninawe mikono."

Leo najua kazi ya vile vijiti. Kila kimoja ni taa ya kufunga kwenye boya la mshipi, wavuvi wa usiku waone samaki akivuta. Nimewahi kuitumia. Na watu nikiwasimulia kisa hiki wanacheka, wanasema bibi yangu alikuwa mjanja, aliwachezea wanaume kwa ushirikina wao. Nakataa, na nitakataa mpaka nife. Mjanja angejua kwamba ni plastiki. Bibi alijua kwamba kifo kiko mle ndani, akakishika kwa mikono yake mbele ya mtoto wake wa kumzaa, ili mkwe wa kuja asiondoke.

Mashamba ya jirani yamebaki mashimo yenye maji ya kijani. La kwetu bado lina mihogo, na aliyeilima msimu huu ni mimi, mwanamke. Kuna mtu wa kanisani kwetu ameniambia niondoe vile vijiti pale mtini, havimpendezi Mungu. Nikamkaribisha aje avifungue mwenyewe. Mpaka sasa hajaja.